Mfuko Niliomshonea Kwenye Fulana

Tii. Tii. Tii. Alfajiri ilikuwa bado giza, na sauti hiyo ndogo ilitoka upande wa mlango, alipokuwa anavaa mume wangu. Nilidhani ni simu imeishiwa chaji. Nikapapasa, simu iko chini ya mto, kimya. Nikamwendea nikatega sikio. Ilikuwa inalia kifuani mwake.

Mume wangu alikuwa fundi wa kuchomelea, mageti na madirisha. Mwaka uliotangulia alianguka kwa kinyozi, moyo umesimama. Wakamrudisha, na hospitalini wakamtia kisanduku chini ya ngozi, karibu na bega la kushoto. Moyo ukianza kutetemeka ovyo, kisanduku kinaupiga shoti ukae sawa. Daktari alimkataza kukaribia mashine ya kuchomelea, maana umeme wake hukichanganya kisanduku kikadhani moyo umepagawa. Alikaa nyumbani miezi minne, akawa anagombana hadi na viti. Kisha akarudi karakana. Kisanduku kikampiga shoti tatu akiwa mzima kabisa, na wenzake wakambatiza Transfoma.

Asubuhi hiyo alikuwa amevaa fulana niliyomshonea mfuko wa ndani. Aliniambia ni wa kuwekea kadi ya kliniki, nami nikaushona kwa mapenzi, uzi mara mbili. Nikaingiza mkono. Nilikuta sumaku ya spika mbovu.

"Nesi aliweka kama hii siku ile nilipopigwa shoti, kikalia hivi kidogo, kikatulia," akasema. "Nimekinyamazisha tu, mama Kibonge. Saa za kazi."

"Na moyo nao umeuambia saa za kazi?"

Alicheka. Nikachukua kijitabu cha hospitali, nikamsomea kwa tochi ya simu: sumaku ikiwa juu yake, kisanduku hakitapiga shoti hata moyo ukiharibika kweli. Hapo kicheko kikaisha. Akaniahidi kwamba kuanzia leo atapima na kupaka rangi tu, kuchomelea awaachie wenzake. Nikaifungia ile sumaku kabatini. Akambusu Kibonge wetu wa miaka minne, aliyekuwa bado usingizini, akatoka. Nilijiona nimeshinda.

Sikufikiria kwamba karakana yenyewe imejaa sumaku. Wanazo za pembetatu, za kushikilia vyuma viwili visicheze wakati vinaungwa.

Saa nne seremala wa jirani na karakana alinijia mbio. Maneno yalimtoka vipande vipande, nikashika moja tu: ameanguka. Nikambeba Kibonge, nikakimbia na kandambili zangu, moja ikabaki njiani.

Nilimkuta amelala chali kando ya geti ambalo halijakwisha, wenzake wamemzunguka, mmoja anampepea kwa kipande cha boksi. Hakuna aliyemgusa. Nilipouliza kwa nini, walinijibu kwa heshima kabisa, shemeji, huyu ana umeme kifuani, tukimshika utaturusha sote. Walikuwa wamesimama hivyo muda wote seremala alipokuja kunifuata na mimi nilipokuwa nakuja. Miezi yote hiyo walimtania, mpaka utani wakauamini.

Nikamweka mtoto chini, nikampasua baba yake shati, nikapandisha fulana. Mfuko wangu ulikuwa umeishika sumaku ya pembetatu barabara, vidole vikashindwa, nikaukata uzi kwa meno. Niliirusha sumaku mbali, ikagonga geti ikanasa.

Daktari alinieleza jioni, kwa upole, kwamba kuanzia hapo kisanduku kilijaribu mara sita. Alizisoma kwenye kompyuta yake. Akasema kingeachwa kifanye kazi tangu alipoanguka, huenda shoti moja ingetosha, lakini mpaka nafika moyo ulikuwa umeshapita pa kurudishwa.

Saa ile sikuyajua hayo. Niliona kifua cha mume wangu kikinyanyuka, mabega yakaruka kutoka sakafuni, mkono mmoja ukajitupa pembeni. Wanaume wazima walirudi nyuma. Mimi nililia kwa furaha, sifichi, nikamshika mashavu yenye masizi nikamwambia pole, pole baba, usiinuke haraka.

Kibonge alipiga magoti karibu na uso wa baba yake, akamchungulia. Kisha akatugeukia sote.

"Baba ameamka," akasema.