Mvumo wa Amplifaya ya Thuc

Khoi alipanda ngazi za nyumba ya Bi Nhan akiwa hoi. Ilikuwa mara ya tatu kuitwa kwa amplifaya ileile. Joto la Saigon saa sita mchana halimhurumii fundi wa miaka sitini na mitatu, na begi la vifaa lilikuwa likizidi uzito kila mwaka.

"Umekuja kuitengeneza au kuiaga?" Bi Nhan alimpokea kutoka jikoni, ambako nyama ya nguruwe na mayai vilikuwa vikichemka. Kesho mumewe Thuc alikuwa anatimiza mwaka tangu afariki, na ukoo mzima ungekuja kula.

"Shemeji, dukani kwangu haivumi hata chembe. Nakuapia."

"Basi inanionea mimi mjane."

"Hebu kaa kwanza, unahema."

"Nitakaa mambo yakiisha."

Baada ya mazishi Bi Nhan alikuta kaseti aliyojirekodi Thuc akiimba. Wimbo ukiisha, Thuc anasema maneno ya chini chini, na maneno hayo mvumo wa amplifaya huyameza yote. Mwaka mzima hakuwahi kuyasikia. Khoi aliwahi kumletea redio ya kaseti ya kuazima, akarudishiwa siku hiyohiyo: sauti ya mume wangu haitoki kwenye kidude cha plastiki! Na kaseti yenyewe hairuhusiwi kuvuka mlango.

Kapasita ya amplifaya alikwisha kuibadilisha, na waya wa ethi pia. Sasa akaanza na nyumba. Alichomoa friji. Alichomoa feni, wakaloa jasho wote wawili. Alimsihi jirani azime karaoke, jirani akazima huku akinung'unika. Alichomoa kila kitu kinachokula umeme, kisha akawasha amplifaya pale ilipokaa miaka yote, rafu ya chini ya kabati ambalo juu yake sasa kulikuwa na madhabahu ya marehemu: picha ya Thuc, matunda yake na taa yake nyekundu. Mvumo ukaja vilevile, mzito, wa kukera.

Khoi akakaa sakafuni. Aliona aibu hata kuinua uso. Amplifaya hii walikwenda kuinunua pamoja, yeye na Thuc, soko la Nhat Tao, wakaibeba kwa zamu hadi nyumbani wakitukanana njia nzima.

"Nimeshindwa, shemeji."

Bi Nhan alifuta mikono kwenye aproni. "Usiniambie mimi. Mwambie mwenyewe."

Khoi akajizoazoa, akawasha vijiti vitatu vya udi, akainama mbele ya picha. Akashika kabati ili ajiinue, na vidole vyake vikatua kwenye kitako cha ile taa.

Kilikuwa kinatetemeka.

Akafunua kitambaa cha kabati. Waya wa taa uliingia kwenye kijitransfoma cha bei ya chini, kilicholala juu ya kabati, sambamba na amplifaya iliyo chini yake. Miaka arobaini ya ufundi, na hakuwahi kuihesabu taa hiyo kuwa kitu cha umeme! Ilikuwa taa ya marehemu, na taa ya marehemu haizimwi wala haiguswi.

"Shemeji, mvumo ulianza lini?"

"Si nilikwambia tangu siku ya kwanza? Tangu tumzike. Nikasema hata mashine inamlilia, ukanicheka."

"Na taa hii uliiwasha lini?"

Bi Nhan alielewa. Akaitazama taa, kisha akamtazama Khoi kwa hasira.

"Unataka nimwache gizani?"

"Au tuihamishe amplifaya."

"Aliiweka hapo mwenyewe. Haihami."

Akaingia chumbani, akatoka na kibatari cha mama mkwe wake. Kiberiti cha kwanza kikazimika. Cha pili kikashika. Akakiweka kibatari mbele ya picha, akangoja mwali usimame vizuri, ndipo akachomoa taa.

Mvumo ukakatika. Khoi akaitia kaseti kwenye deki ya amplifaya, akabonyeza kitufe.

Thuc aliimba, akikosea tuni kama kawaida yake, hadi mwisho. Kwenye kaseti kiti kikalia. Nyuma yake, kwa mbali, sahani ziligongana ndani ya maji.

"Nhan," akasema Thuc, taratibu. "Achana na hivyo vyombo. Umesimama tangu asubuhi. Njoo ukae."

Bi Nhan alikuwa bado ameshika plagi. Jikoni nyama ilianza kuungua. Akavuta kiti, akakaa.