Tawi la Solomon

Matundu yalikuwa mengi kuliko vyombo. Kila mvua iliponyesha, Bi Vernelle Capers alizunguka nyumbani akitega sufuria hapa, beseni pale, na bakuli lake la kukandia unga juu ya kitanda, mahali pa mto. Turubai la buluu alilotafutiwa na wifi yake Ardelia lilikuwa limechanwa na upepo mara mbili. Mara zote mbili mzee mmoja wa kanisa alipanda na goti lake bovu akaligongomea upya, na alipoteremka akakataa hata kikombe cha kahawa, kwa sababu aliona gesi ya jikoni inakwisha.

Baada ya kimbunga serikali ilileta watu wa msaada, wakaweka meza zao katika ukumbi wa shule. Kijana aliyemhudumia Bi Vernelle alimtafutia kiti kwanza, ndipo akauliza.

"Nyumba ni yako, Mama?"

"Nimezaliwa humo, na mwanangu, Mungu amrehemu, nilimzaa humo."

"Nauliza hati. Hati ya ardhi ina jina la nani?"

"La babu yangu. Benjamin Capers."

"Naye tunaweza kumpata wapi?"

"Kwa njia uliyojia hapa huwezi kumpata, mwanangu. Alikufa mimi sijaota meno."

Kijana alifuta miwani yake. "Samahani sana, Mama. Sheria hainiruhusu kumwezekea marehemu." Alikuwa anasikitika kweli, Bi Vernelle aliliona hilo, akampigapiga mkono ili asijione vibaya.

Babu Benjamin aliinunua ardhi ile kwa jasho la mashamba ya pamba, yeye aliyezaliwa mtumwa kwenye mashamba hayohayo. Hakuacha wosia. Siku zile mtu mweusi wa Karolina Kusini aliyeingia mahakamani na karatasi alitoka bila karatasi, na pengine bila shamba. Kwa hiyo ardhi iliachiwa watoto wote, na watoto wa watoto, bila kukatwa. Wazee walisema, cha wote hakiuzwi, basi wa kufukuzwa hayupo. Kisiwani kwao karibu kila familia iliishi hivyo.

Aliyemwonyesha njia ni Renetta Pinckney, mkutubi wa maktaba ndogo ya kisiwani, binti mwenye nywele fupi na sauti ya taratibu. Siku za baridi Bi Vernelle alikwenda pale kusoma magazeti karibu na hita, na Renetta alijifanya haoni soksi zake zikianikwa hapo.

"Wakili mmoja wa kujitolea anasema hati inaweza kuandikwa upya kwa majina yenu," Renetta alimwambia. "Ila anataka warithi wote wajulikane. Wote, Bi Vernelle. Na waliokwenda Kaskazini pia."

"Wote? Hao wengine hata Mungu anawatafuta."

"Basi tumsaidie. Februari hii, mwezi wa historia yetu, kila familia italeta mti wa ukoo wake tuubandike ukutani. Watu watakuja, watasoma, mmoja atasema, 'Huyu namjua.' Mti huo ndio utakaokuezekea nyumba."

Bi Vernelle alikaa nao majira yote ya baridi. Alichora shina, akachora matawi, akabandika picha na kuandika miaka na miji. Ardelia aliposimama mbele ya mti huo siku ya kwanza ulipobandikwa ukutani, alishika kiuno.

"Umeandika mwaka niliozaliwa!"

"Si ndio mwaka wako?"

"Kanisani wanajua nina sitini na tano! Sasa mchungaji akipita hapa?"

"Atajua kwa nini ulikuwa unasinzia kwenye mahubiri."

Tawi moja tu lilikuwa tupu. Solomon, ndugu mkubwa wa baba yake, alikimbilia Kaskazini usiku mmoja baada ya kubishana na mzungu juu ya mizani ya pamba. Hakuandika barua hata moja. Mama yake aliendelea kumpakulia sahani kila Krismasi mpaka alipokufa. Renetta alipiga taipu kadi nzuri, akaibandika chini ya jina lile: *Ukiwajua watoto wa Solomon Capers, tafadhali tuambie. Bado tunawatafuta.*

Siku ya sherehe maktaba ilijaa. Watoto walipiga ngoma wamevaa vitenge vilivyoshonwa na mama zao, wazee wakaimba wakizunguka kwa duara, visigino vikipiga sakafu mpaka vitabu vikatikisika rafuni. Palikuwa na wali mwekundu, kamba, na bamia. Mzungu mmoja wa makamo, mpole, koti limekunjwa mkononi, alimbebea Bi Vernelle sahani yake mpaka kitini. Jina lake Hollis Trent. Alisimama mbele ya mti wa akina Capers muda mrefu kuliko mtu yeyote, akauliza habari za kila picha, akasikiliza kama mtu aliyelelewa. Aliomba ruhusa ndipo akapiga picha.

"Unafanya kazi gani, baba?" Bi Vernelle alimuuliza.

"Natafuta watu, Mama. Watu waliopotea."

"Kazi njema hiyo."

Majira ya machipuko Trent alibisha hodi nyumbani. Alifuta viatu mlangoni, akaruka beseni la maji bila kusema kitu, akatoa picha ya mwanamume mnene aliyesimama mbele ya gari.

"Anaitwa Curtis. Yuko Toledo, Ohio. Nadhani ni mjukuu wa Solomon. Niambie wewe."

Bi Vernelle alikaa chini. "Ee Mungu wangu. Angalia paji la uso. Hilo ni la baba yangu."

"Una hakika?"

"Mwanangu, paji kama hilo halikodishwi."

"Ungeweza hata kuapa?"

"Mbele ya yeyote!" Akamshika mikono yote miwili, akambusu, akamkatia kipande kikubwa cha keki ya viazi vitamu, na kingine akamfungia cha njiani.

Jioni ileile Bi Vernelle alimpigia Curtis simu kwa namba aliyoachiwa. Alipokwisha kujitambulisha, sauti nzito ya upande wa pili ikauliza, "Kwa hiyo nina shangazi?"

"Una shangazi, una kijiji kizima. Kwa nini hukuja mapema? Wali umepoa."

Mtu mzima yule akalia. Tangu hapo walizungumza kila Jumapili baada ya ibada. Curtis alimweleza kuhusu kiwanda kilichofungwa, kuhusu mkewe Bernice na figo zake. Alitaka kujua mto wa kisiwani unanukaje, na babu yake alipanda mti gani. Bi Vernelle aliweka kiti karibu na simu na mto wa kuegemea, maana mazungumzo yalikuwa marefu.

Jumapili moja ya Juni Curtis alikuwa na furaha.

"Shangazi, Mungu amefungua mlango! Yule Bwana Trent amenilipa."

"Amekulipa nini?"

"Fungu langu la huko. Anasema ni kipande kidogo mno, hata nyumba ya mbwa haitoshi, na mimi siji kukaa huko. Nimesaini juzi. Hospitali nimewalipa, Bernice anaendelea na matibabu."

Maji ya jana yalikuwa yanadondoka kutoka darini. Bi Vernelle aliyasikiliza kidogo.

"Bernice anakula vizuri?" akauliza.

"Anakula, Shangazi."

"Mwambie apunguze chumvi."

Barua ya mahakama ilikuja kabla mahindi hayajakomaa. Kampuni iliyomtuma Trent sasa ilikuwa mwenzao katika ardhi, na ilitaka igawanywe. Yule wakili wa kujitolea, Bwana Alston, kijana mwenye suti iliyombana, alikuja mwenyewe nyumbani kueleza, Ardelia akiwepo.

"Mwenye fungu lolote ana haki ya kudai chake. Jaji akiona ardhi haikatiki vipande kwa watu wote hawa, ataamuru iuzwe yote, kila mtu apewe fedha zake."

"Yote?" Ardelia akadakia. "Kwa kipande ambacho hata mbwa hakimtoshi?"

"Yote."

"Na makaburi yetu yaliyomo je?"

Bwana Alston aliangalia kofia yake. "Kuna tundu moja tu la kupenyea. Cheti cha kuzaliwa cha baba yake Curtis hakina jina la baba. Karatasi inayomfunga Curtis kwa Solomon haipo, na Curtis asipokuwa mrithi, kampuni haina fungu. Ushahidi uliopo ni wewe tu, Bi Capers, na ulivyomwambia Trent." Akaigeuza kofia. "Sikuambii useme uongo. Nasema tu kwamba hakuna sheria inayomlazimisha mtu kuwa na hakika."

Alipoondoka, Ardelia alihamishia kiti chake karibu.

"Umemwona wapi, Vernelle? Kwenye picha! Watu wenye mapaji makubwa wamejaa duniani. Sema humjui."

"Unanifundisha?"

"Nakuomba. Mume wangu amelala pale. Mwanao amelala pale. Sema humjui, nami nitakuombea toba kila siku mpaka nife."

Bi Vernelle alifika mahakamani amevaa kofia ya Pasaka. Renetta alifunga maktaba asubuhi ile ili amwendeshe. Darajani Renetta akapunguza mwendo.

"Mimi ndiye niliyeandika ile kadi."

"Uliandika vizuri, mwanangu. Angalia barabara."

Curtis alikuwa ameletwa na kampuni kama shahidi, lakini kampuni haikukaa naye. Alikuwa peke yake mwisho wa benchi, mnene kuliko kwenye picha, tai imepinda. Ilikuwa mara ya kwanza Bi Vernelle kumwona. Watu wa kisiwani waliokaa mbele yake walimpa migongo. Alipomwona shangazi yake alitaka kusimama, akaogopa, akabaki ameinuka nusu.

Wakili wa kampuni alikuwa na adabu. Alimuuliza kama anasikia vizuri, kama anahitaji maji. Halafu akanyoosha mkono kuelekea benchi lile.

"Unamjua yule bwana, Bi Capers?"

Ardelia, mstari wa mbele, alikuwa amefumba macho na midomo ilikuwa inacheza. Bwana Alston alikuwa anaitazama meza.

Neno moja lingetosha. Ardhi ingebaki na nyumba ingebaki, hata ikivuja. Na yule pale angerudi Toledo akiwa si wa mtu, kama babu yake alivyoondoka, safari hii akiwa amefukuzwa na watu wake mwenyewe, mchana, chini ya kiapo. Bi Vernelle alitazama ile tai iliyopinda. Mama wa Solomon angeinuka kwenda kuinyoosha.

"Bi Capers? Unamjua?"

"Ni wetu," akasema. "Mjukuu wa Solomon. Ni wetu."

Mtu mmoja nyuma aliguna kama aliyepigwa. Wakili alisema hana swali zaidi. Jaji, mzee mwenye mvi nzuri, aliinama kidogo mbele.

"Mahakama inakushukuru kwa ukweli wako, Mama. Si wengi siku hizi."

Ardhi iliuzwa kwenye ngazi za mahakama, mchana wa jua. Kisiwa kizima kilikuwa kimechanga, makanisa yote, na mchango wote ulipitwa na bei ya kwanza kutamkwa. Nyumba haikubomolewa kwa shida. Paa lile lilihitaji kusukumwa tu. Bi Vernelle alihamia chumba cha nyuma kwa Ardelia, ambaye kwa wiki tatu hakumsemesha, lakini kila asubuhi alimwekea uji mlangoni na kuufunika kwa sahani usipoe.

Wiki ya kabla ya Pasaka watu wa kisiwani husafisha makaburi. Curtis aliendesha gari siku mbili kutoka Ohio, amempakia Bernice na reki mbili mpya zenye bei bado zimeningʼinia. Alisimama uani kwa Ardelia asijue kama ataruhusiwa kuingia. Ardelia alimwangalia kuanzia viatuni.

"Umekonda kuliko mahakamani," akasema. "Njoo ule."

Baadaye Curtis aliendesha, Bi Vernelle akiwa mbele, maua na ndoo ya sabuni mapajani. Palipokuwa na njia ya mchanga ya kuingia kwao sasa palikuwa na lami. Kwenye kona palikuwa na kibanda kipya, na kizuizi chekundu kilichokatiza barabara. Mlinzi alitoka na mwavuli, kwa kuwa manyunyu yalikuwa yameanza, akaushikilia juu ya dirisha ili mama yule asilowe. Alikuwa mtu mweusi wa umri wa Curtis, mgeni wa kutoka bara.

"Karibu sana, Mama. Unamtembelea nani leo?"

"Benjamin Capers," Bi Vernelle akasema. "Na Lovie, mkewe. Na mwanangu Emory."

"Nyumba namba ngapi?"

"Hawana namba, baba."

Nyuma yao gari refu jeupe lilikuwa limefika, likapiga honi mara moja, fupi, ya heshima. Curtis alikuwa ameshika usukani kwa mikono yote miwili. Mlinzi alitoa karatasi ya wakazi mfukoni, akaikunjua chini ya mwavuli.

"Capers," akasema taratibu. "Usijali, Mama. Kama wanakaa humu, nitawapata." Akaweka kidole juu kabisa ya karatasi, akaanza kuteremka, jina kwa jina.