Mlango wa Mama Willis

Wangeci mwenye duka alimkabidhi Adhiambo pakiti ya maziwa, kisha akashusha sauti. "Pole sana, Mama Willis. Tunakuombea."

"Pole ya nini?"

"Si ile picha ya hospitali? Ile ulikuwa unaitazama juani."

Adhiambo alitoka dukani akijiuliza ni nani aliyesema. Wiki tano sasa alikuwa akienda hospitali kila Alhamisi kupimwa uvimbe kifuani, na hata mwanawe Willis hakumwambia. Alikuwa karani mstaafu wa kanjo, halmashauri ya jiji. Miaka thelathini alitunza mafaili ya watu bila kufungua mdomo. Katika ploti nzima ya nyumba za kupanga hapo mtaani Umoja, mtu mmoja tu ndiye aliyejua: Kathini wa nyumba namba nne, rafiki yake wa miaka ishirini, ambaye siku moja alimkuta analia kwenye karai la nguo.

Basi ni Kathini.

Adhiambo akaacha kumsalimia. Kwenye kikundi cha akina mama wa kanisa akasema waziwazi kwamba mdomo wa Kathini hauna mlango, na wanawake wakaanza kunyamaza kila Kathini alipoingia.

Kathini alimfuata hadi kwenye kamba za nguo. "Mama Willis, nimekukosea nini?"

"Jiulize."

Wiki iliyofuata Kathini alisafiri kwenda mazishini Machakos, akakaa huko siku nne. Siku ya tatu, jirani Okoth alimsimamisha Adhiambo langoni akicheka. "Jana ulikuwa na haraka ya nini? Umefunga mlango, umerudi kuufungua, umefunga tena!"

Adhiambo alicheka naye, kisha akaanza kuhesabu. Jana Okoth alikuwa kazini Industrial Area kutwa nzima, na Kathini alikuwa Machakos. Na ile picha ya hospitali aliitazama mlangoni pake, asubuhi, ua likiwa tupu. Alirudi, akasimama palepale aliposimama siku ile, akainua macho. Chini ya paa, kamera ndogo nyeupe ilikuwa imemkodolea jicho. Iliwekwa baada ya pikipiki ya Okoth kuibwa, na Adhiambo mwenyewe alikuwa amenyosha mkono kuikubali.

Alikwenda moja kwa moja kwenye kibanda cha Caleb, fundi wa simu aliyeifunga. Runinga ilikuwa ukutani, na wanaume wawili walikuwa wakinywa soda huku wakiitazama. Kwenye skrini ulionekana mlango wake, na gauni lake la ndani likipeperuka kwenye kamba.

"Caleb, huo ni mlango wangu."

"Relax, mathe. Ni mambo ya usalama tu."

"Nani mwingine anaona?"

"Paswadi iko kwa grupu ya WhatsApp ya ploti. Kila mtu anayo." Akakuna kichwa. "Na pengine marafiki zao."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo. Hakuna mtu aliuliza."

Adhiambo hakuondoka mpaka runinga ilipozimwa. Jumapili aliitisha mkutano uani. Okoth alisimama wa kwanza. "Kama huna kitu unaficha, unaogopa nini?"

"Lete simu yako, Okoth," Adhiambo akamwambia. "Tusome meseji zako hapa, kwa sauti."

Okoth aliisukuma simu ndani kabisa ya mfuko. Watu wakacheka, kisha wakapiga kura: kamera igeuzwe itazame lango pekee, na paswadi mpya iwe kwa watu wawili tu. Kathini, aliyekuwa amerudi, alinyosha mkono, akaingia kwake.

Adhiambo alimfuata. "Nimekusingizia, Kathini. Nimekuharibia jina kanisani. Nitasimama huko huko nilisafishe."

"Nilikutunzia siri wiki zote hizo," Kathini alisema. "Wewe hukuniuliza hata mara moja." Akamsogezea kigoda. "Majibu ni lini?"

"Alhamisi."

"Tutaenda pamoja. Lakini sijasahau."

Siku hiyo, kwenye lango la hospitali, askari aliwasukumia daftari waandike jina, namba ya kitambulisho na namba ya simu. Kurasa zilikuwa wazi; namba za wagonjwa wa tangu asubuhi zilisomeka zote. Adhiambo aliishika kalamu asiandike.

"Hili daftari likijaa hupelekwa wapi?"

Askari alimtazama kana kwamba hajawahi kuulizwa. "Sijui, mama. Andika tu, watu wanangoja."

Adhiambo aligeuka, akaitazama foleni iliyokuwa nyuma yake, sura moja baada ya nyingine. "Nani kati yenu anajua?" akauliza.