Kengele ya Dzomo

"Nyama iko wapi?" Kunzom aliuliza, mkono wake ungali ndani ya kapu tupu.

Lhakyi, mke wa mwanawe, alikuwa akishona siagi ndani ya ngozi. Hakuinua macho. "Nimeshaitia, mama. Iko kwenye mzigo wa kwanza, chini ya unga."

Mzigo wa kwanza ulikuwa nje tangu alfajiri, umeegemezwa kwenye ukuta wa mawe ya sala. Leo ndiyo siku waliyopewa na lama, kuhani wao, na kwa kuwa yaki, wanyama wao wa mizigo wenye manyoya marefu, walikuwa bado hawajaletwa kutoka malishoni, mzigo ulitangulia kutoka kwa niaba ya watu. Ukishatoka hivyo haurudi ndani. Kuurudisha ni kuirudisha safari yenyewe, na hakuna mtu wa bonde lile angethubutu kupanda mlima baada ya hapo.

Kunzom akalifunika kapu, akatoka.

Mdogo wake Tenpa alikuwa uani, amezungukwa na magunia ya sufu yaliyojaa chumvi, akivuta kila kamba kwa nguvu kuona kama itakatika. "Tunalala chini ya mlima wa barafu," alisema, kana kwamba walikuwa katikati ya mazungumzo. "Tunavuka kabla jua halijalainisha theluji, tunashukia kwenye misonobari. Huko kuni ni za kuokota, kwa hiyo mavi makavu ya kuwashia moto tubebe ya upande huu tu. Yaki wasibebe mavi mpaka kwa Wahindu, watatucheka."

"Halafu?"

"Halafu kwa Nandaram. Wali, dada. Tangu mwaka jana naota wali."

"Lhakyi ametia nyama kwenye mzigo."

Tenpa akaiachia kamba. "Nyama ile?"

"Kuna nyama nyingine?"

Alikuna shingo akiutazama ukuta wa sala. "Tutaila njiani. Tukifika kwake tumeshajifuta midomo. Nandaram ana pua ndefu, lakini si ya mbwa."

Kunzom hakucheka. Nyumba ya Nandaram na nyumba ya marehemu mumewe zilifungana udugu tangu enzi za babu zao, chumvi ikishuka na nafaka ikipanda. Huko chini watu wa milimani hawaingizwi jikoni, lakini barazani kwa Nandaram palikuwa na msumari wa mumewe wa kutundikia mfuko. Tangu afe, hakuna aliyeruhusiwa kuutundikia kitu. Siku hizi chumvi hufika huko chini kwa lori, nyeupe kama unga. Nandaram peke yake ndiye aliyeendelea kuipokea ya kwao, kwa ajili ya msumari ule. Akiufunga mlango, hakuna mlango mwingine, na shayiri ya Kunzom haifiki mwisho wa majira ya baridi.

Na Nandaram atauliza juu ya dzomo.

Alikuwa mnyama mzee, chotara wa yaki na ng'ombe, mwenye magoti yaliyokataa kuvuka mlima kurudi kwao. Nandaram, alipokuja majira ya joto yaliyopita, alimwacha kwa Kunzom baada ya kumkumbatia mnyama shingo. Kwao ng'ombe hachinjwi, wala mwenye nusu ya damu ya ng'ombe. "Afe kwa siku yake, shemeji," alisema. "Sitaki kingine." Kisha akamfundisha Kunzom namna ya kumwita kwa lugha ya huko chini, kwa kuwa dzomo hakuijua nyingine. Njoo, binti.

Theluji ikaanguka na kukaa. Nyasi za akiba zikaisha darini. Ilibaki achague kati ya mnyama wa watu na yaki wake wa kubebea. Mchinjaji alipokuja na wenzake, dzomo aliweka miguu imara kizingitini, wakamvuta na kumsukuma, hakutoka. Wakamtazama Kunzom.

Kunzom mwenyewe akamwita. Njoo, binti. Dzomo akatoka, taratibu, masikio mbele, kengele ikilia shingoni.

Baada ya hapo alikwenda nyuma ya nyumba na tasbihi yake, na vidole vikapita punje bila sala yoyote kuja. Jioni alikula. Wote walikula, na miili yao ikapata joto.

"Sema amekufa," Tenpa alikuwa akisema. "Si uongo. Amekufa."

"Ataniuliza amekufaje."

"Uzee. Baridi. Magoti. Chagua moja, mimi nitatikisa kichwa. Nina uso wa kuaminika."

"Una uso wa mtu anayeota wali."

"Ndiyo huohuo." Kisha sauti yake ikashuka. "Dada. Ukimwambia, tutakula nini? Na ukimwambia, yeye atapata nini? Atalia tu."

Kunzom aliingia ndani, kwenye rafu ya taa ya siagi, akanyoosha mkono nyuma ya vikombe vya maji. Kengele ilikuwa imeviringishwa kitambaa. Ilikuwa kazi ya mhunzi wa huko chini, ina ufa mdomoni, na mlio wake ulikuna kama kikohozi. Mke wa Nandaram alipenda kusema angeutambua hata akiwa amekufa.

Alipotoka, yaki walikuwa wameshuka na kusimama uani wakipumua mvuke. Alikwenda kwa yule wa kuongoza, akamfunga kengele shingoni. Fundo likamshinda, akalirudia.

Tenpa aliacha magunia, akasogea. "Hiyo wataisikia tukiwa bado mtoni."

"Ndiyo."

"Watatoka mbio. Watadhani unamrudisha."

"Najua. Hapo sitaweza kudanganya."

Kwa mara ya kwanza siku ile Tenpa hakufanya mzaha. Akainama, akanyofoa kibonge cha sufu kwenye gunia, akampa. "Chini ya barafu lazima tuizibe. Isije ikatuangushia theluji ya mlima."

"Chini ya barafu tu," Kunzom alisema, akaitia sufu kifuani.

Yaki akatikisa kichwa. Kengele ikakohoa uani, na Lhakyi, mlangoni na sindano mkononi, akageuka haraka kutazama zizini kabla hajakumbuka.