Noti Chini ya Sahani

Akiba haiozi, tunaambiwa. Aliyesema hivyo hakuwahi kuishi Rosario, Argentina.

Eleuterio Zanabria alifanya kazi miaka thelathini na minne katika karakana ya reli, na kila alipopokea mshahara alikimbilia kununua dola kabla peso hazijayeyukia mfukoni. Benki hakuzitaka. Mwaka ule wa 2001 zilipofunga milango, zikazuia akiba za watu, na watu wakatoka barabarani kugonga sufuria, yeye alikaa mlangoni pake akinywa taratibu chai yao chungu ya yerba mate. Dola zake zilikuwa kwenye kopo la biskuti, ndani ya kasha la mbao lililo juu ya dirisha la chumba cha kulala, pale linapojiviringisha pazia la mbao. Hakumwambia mtu, hata mkewe Nélida.

Sasa ana miaka sabini na sita, na pensheni yake haivuki tarehe kumi na tano. Kopo lile ndilo dawa zake za moyo, gesi ya majira ya baridi, na jeneza ambalo hakutaka mtu mwingine amlipie.

Shida ilikuwa sura. Noti zake za dola mia zilikuwa zile za zamani, zenye picha ndogo ya uso, na katika maduka ya siri ya kubadili fedha walizipokea kwa kununa na kuzikata thamani.

"Wenye noti za uso mdogo wangebadili mapema," Nélida alipenda kusema huku akishona, kana kwamba anawasema majirani. "Siku moja hazitapokewa kabisa."

"Mia ni mia," alijibu Eleuterio. "Hizo mpya ndizo wanazochapisha vichochoroni. Ya zamani naijua hata gizani."

Mchana mmoja, mtaa mzima umelala baada ya chakula na Nélida yuko kwa msusi, alipanda kiti ili achukue noti moja ya dawa. Alifungua kopo, akahesabu. Idadi ilikuwa ileile. Ila kila noti ilikuwa na uso mkubwa.

Alikaa kitandani, kopo mapajani. Alizisugua kwa kidole, akazielekeza kwenye mwanga, akazinusa. Hakuziamini. Mtu amechukua za kweli na kumwachia makaratasi!

Nani? Hakuhitaji kufikiri sana. Mwezi uliopita mkanda wa kuvutia pazia ulikatika, na aliyekuja kuutengeneza ni Dardo, mume wa binti yake Mirta. Alijifungia humo saa nzima kwa kazi ya dakika ishirini. Tena wiki iliyofuata pikipiki yake ikawa na matairi mapya. Matairi, katika hali hii ya uchumi!

Eleuterio aliamua kumtega. Alisubiri tarehe ishirini na tisa, siku ambayo kila nyumba hupika nyoki, vidonge vya viazi na unga, na kuweka noti chini ya sahani ili mwezi ujao uwe na baraka. Kwa kawaida waliweka peso zisizonunua hata mkate. Safari hii, kabla wageni hawajafika, alitelezesha moja ya zile mia chini ya sahani ya Dardo. Mwizi hawezi kuifurahia noti bandia aliyoiweka mwenyewe. Macho yatamsaliti.

Walikaa. Nélida akaanza kupakua. Dardo akainua sahani.

"Baba mkwe!" akapiga kelele. "Dola mia? Mwaka jana uliniwekea peso kumi, na baada ya chakula ukazidai!"

"Iangalie vizuri," alisema Eleuterio bila kupepesa macho.

Dardo aliiinua dirishani, akaikwaruza kwa ukucha, akaibusu. "Safi kabisa. Mirta, baba yako ameshinda bahati nasibu, anatuficha."

Uso wake ulikuwa wazi kama wa mtoto. Eleuterio akachanganyikiwa. Ndipo alipoona upawa wa Nélida umesimama hewani na mchuzi unadondokea kitambaa cheupe cha meza. Nélida, ambaye tone moja lilitosha kumtibua siku nzima, hakuliona.

"Nélida. Nani amepanda kwenye dirisha langu?"

"Kuleni, zinapoa."

"Dirisha gani?" aliuliza Mirta.

"Mimi," alisema Nélida, akaweka upawa chini. "Mzee wangu, miaka ishirini unashuka pale na vumbi kwenye nyusi, halafu unaniambia ulikuwa unatazama mvua. Nimezibadili mbilimbili, miezi minane, nikianzia za chini ili usione, kwa yule mbadili fedha wa nyuma ya duka la saa. Kila moja nikaipeleka kwa mwingine kupimwa. Ulidhani umeoa nani?"

"Bila kuniuliza!"

"Nilikuuliza kila wiki. Ukanijibu mia ni mia."

Dardo alijikuna shingo. "Mzee, hata mimi niliona kopo nilipokuwa nafunga mkanda. Ndiyo maana nilichelewa. Nilikuwa nalirudisha lilivyokuwa, lisisogee hata kidogo, nikijua utanishuku." Akairudisha ile noti mezani kabla hajaombwa.

Eleuterio alihisi masikio yakimwaka. Alitafuna nyoki mbili, kisha kitu kikamnasa.

"Wanakata kwenye kila mia. Lakini idadi imetimia."

"Niliijazia."

"Kwa pesa gani?"

"Kula, Eleuterio."

Alikula. Baadaye, wageni walipoondoka na nyumba ikatulia kwa usingizi wa mchana, alilala chali kando ya mkewe, macho kayafumba nusu. Dola zake zilikuwa za kweli, na uzee wake ulikuwa salama. Kwa nini basi asipate usingizi? Alitazama cherehani. Alitazama sanduku la vitambaa, kisha sanamu ya Bikira yenye kitako kipana kuliko inavyohitaji.

"Nélida, umelala?"

"Nimelala."

Akashusha mguu mmoja sakafuni, polepole.

"Ukienda kuzitafuta zangu," alisema Nélida bila kufumbua macho, "rudisha kila kitu kilivyokuwa. Muige Dardo."