Betri za Kengele Isiyokuwepo

Jumanne alasiri Fortunée alikuwa jikoni kwake, katika mtaa mmoja unaotokea Coventry Road, akikatakata vitunguu vya sombe, kisamvu cha kwao Bukavu, kengele ya moshi ilipoanza kulia juu ya kichwa chake. Ulikuwa mlio mfupi, mwembamba, kisha kimya cha kama dakika moja, kisha mlio mwingine. Yeyote aliyekaa Uingereza zaidi ya msimu mmoja wa baridi anaujua mlio huo. Maana yake ni kwamba betri inakwisha.

Alipangusa mikono, akavuta kiti, akapanda. Darini palikuwa na rangi nyeupe na ufa mdogo. Kengele haikuwepo. Haikuwahi kuwepo. Alipotega sikio alisikia mlio ukitoka palepale, kati ya taa na mlango, mahali ambapo kijana wa zimamoto alikuwa amepaonyesha kwa kidole mwezi wa Oktoba, akisema hapo ndipo patafaa.

Alishuka, akamaliza vitunguu, akapiga simu idara ya zimamoto ya jiji.

"Alamu yenu iko inalia," alisema. "Ile hamkuweka."

Simu ilihamishiwa kwa Edah, kwa sababu simu zote za Kiswahili zilihamishiwa kwa Edah.

Edah alikuwa mwenyeji wa Nyahururu, na katika idara hiyo kazi yake ilikuwa kuthibitisha. Idara ilikuwa imepewa ruzuku ya kufunga kengele za moshi katika nyumba za watu waliofika mjini wakiwa wakimbizi. Wafadhili walikuwa na sharti moja ambalo hawakulilegeza: anayefanya kazi asiwe yeye tena wa kusema kazi imefanyika. Wafungaji walijaza tableti zao, Edah akawapigia simu wenye nyumba, na ripoti haikutoka bila saini yake. Mkuu wake, Arnold, Mkenya wa Nakuru na shemasi katika kanisa lao la Sparkhill, aliupenda mpangilio huo. Aliuita kufuli mbili kwenye mlango mmoja.

Oktoba kengele ziliwaishia wafungaji garini, na ziara zilikuwa zimeshapangwa. Wakaenda hivyohivyo. Walikaribishwa, wakaketishwa, wakapewa chai ya maziwa na mandazi. Wakaonyesha darini kwa kidole, wakasema watarudi. Tableti iliwapa majibu mawili tu ya kuchagua: nyumba imekamilika, au hakuna aliyefungua mlango. Mlango ulikuwa umefunguliwa, tena kwa furaha. Wakabonyeza imekamilika. Na nyumba iliyokamilika haitembelewi tena.

Baada ya hapo Edah alipiga simu zake. Swali lilikuwa limeandikwa na kupitishwa na kamati: je, watu wetu walifika, na mliridhika nao? Wakamjibu kwamba walifika, wanashukuru sana, Mungu awabariki. Hakuna mama aliyelelewa Bukavu au Nyahururu ambaye angemwambia mtu asiyemjua, kwenye simu, kwamba mgeni aliyekunywa chai yake hakufanya kitu. Edah alilijua hilo. Yeye mwenyewe angejibu vivyo hivyo. Aliweka saini.

Februari nyumba ya Lucie iliungua. Lucie aliishi ukuta kwa ukuta na Fortunée, na alikuwa peke yake ndani. Moto ulianzia kwenye hita ya umeme chumbani, yeye akiwa amelala, na hakuna kilichomwamsha. Walimzika baridi ikiwa kali, na Arnold alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza, mbele, upande wa kushoto.

Wiki ile ya simu ya Fortunée, kengele zilianza kulia kila mahali ambapo hazikuwa zimefungwa. Zililia Sparkhill, juu ya duka la vitambaa, kwa Nafiso, Msomali aliyekulia Mombasa. Zililia hadi Longbridge kwa Mzee Gustave, ambaye alipiga simu kuomba radhi kwa usumbufu. Na ililia ndani ya nyumba ya Lucie, nyuma ya mbao zilizopigiliwa madirishani, katika chumba ambacho hakikuwa na dari tena. Waliokuwa wakipita kwenda kituo cha basi waliisikia. Walisema inataka betri.

Jumamosi Edah alinunua kengele dukani, akaenda kwa Fortunée pamoja na mumewe, Njoroge, aliyekuwa fundi umeme. Mabinti wawili wa Fortunée walikuwa sebuleni wakitazama katuni. Bibi yao alikuwa kwenye kochi, akitabasamu, kwa kuwa hasikii. Fortunée alifanya kazi ya usiku katika nyumba ya wazee, na akiwa kazini watoto walilala na bibi huyo.

"Karibu, dada Edah," alisema Fortunée. "Leo sitawapa chai."

"Ni sawa," alisema Edah.

"Chai ndiyo ilituharibia. Ulinipigia simu, ukaniuliza kama walikuya. Walikuya. Hukuniuliza kama walitumika, kama waliweka kitu."

"Sikuuliza."

"Na Lucie ulimuuliza hivyo?"

"Hivyohivyo," alisema Edah. "Alinishukuru. Akaniuliza kama mama yangu kule nyumbani ni mzima."

Fortunée alitazama sufuria zake. "Alikuwa anauliza kila mtu," alisema.

Njoroge alipanda kiti na drili yake. Skrubu iliingia nusu, ikagonga kitu kigumu, ikarudi nje na kuanguka sakafuni. Alijaribu tena pembeni kidogo. Akajaribu kwenye korido, kisha katika chumba cha watoto. Kila mahali skrubu ilirudi. Walipoiweka kengele mpya juu ya kabati, taa yake ndogo ya kijani ilizimika. Walipoitoa nje ya mlango, ikawaka.

"Hapa panahesabiwa pana kengele," alisema Njoroge akipanga vifaa vyake. "Haiwezi kuingia ya pili."

"Basi na hiyo ya kwanza ifanye kazi," alisema Fortunée. Alichukua gazeti la bure la dukani, akaliwasha juu ya sinki, akaliinua kwa koleo la kugeuzia nyama mpaka moshi ukajaa dari nzima. Binti mkubwa alikuja mlangoni akasema kwa Kiingereza kwamba kunanuka. Kengele isiyokuwepo ililia mlio wake mmoja mfupi, kama kawaida, ikanyamaza ile dakika yake, ikalia tena. Haikupiga kelele. Iliendelea kuomba betri.

Fortunée alifungulia maji juu ya gazeti.

"Inajua kuomba tu," alisema.

Jumatatu Edah alimkuta Arnold akijimiminia kahawa.

"Nataka kuondoa saini yangu kwenye ripoti ya Oktoba," alisema.

"Dada Edah! Hata good morning hakuna?"

"Nyumba ya Fortunée itolewe kwenye zilizokamilika. Na nyingine zote kama hiyo. Ikitolewa, dari itakubali kengele."

"Saini si koti bwana, ati unavua ukisikia joto." Arnold alicheka, kisha akaona kwamba anacheka peke yake. Akafunga mlango. "Sikiliza. Ukitoa hizo nyumba, hatujafika lengo. Tusipofika lengo, awamu ya pili haiji, na ya kwanza tunarudisha. Mradi unakufa. Sasa hao watu wako utawasaidia na nini?"

"Kwani sasa hivi tunawasaidia na nini?"

"Usiniongeleshe hivyo."

"Nyumba ya Lucie iliandikwa imekamilika, Arnold."

"Uchunguzi ulisema ni hita."

"Hita iliwasha moto. Nani alikuwa amwamshe?"

Arnold aliweka kikombe mezani. Mkono wake wa kushoto ulipanda wenyewe hadi begani na kulikanda, kama mtu anayehisi bado kuna kitu kimelala pale.

"Mwite mkaguzi basi," alisema. "Mimi sina la kuficha. Aje asikie mwenyewe."

Mkaguzi wa wafadhili aliitwa Inderpal. Alikuwa mtu mpole mwenye viatu safi, na alivivua mlangoni kwa Fortunée bila kuambiwa. Alisimama jikoni na soksi zake, akainua uso. Kengele ikalia.

"Inasikika vizuri," alisema.

"Hakuna kitu pale," alisema Edah. "Tazama."

Inderpal alitazama kwa muda wa kutosha. Hakuwa mtu wa kufanya haraka. "Naona kwamba hakuna," alikubali. "Lakini kipimo changu kinataka kifaa kionekane au kisikike. Hiki kimesikika." Aliweka alama.

"Anasema nini?" aliuliza Fortunée.

Edah alimtafsiria.

"Mwambie awashe moto hapa, aone kama italia vizuri."

Edah alitafsiri hilo pia. Inderpal alijibu kwa masikitiko ya kweli kwamba kuwasha moto hakumo katika mamlaka yake. Aliuliza kama kulikuwa na nyumba nyingine karibu. Fortunée alimpeleka nje, wakasimama mbele ya mbao za nyumba ya Lucie. Masizi yalikuwa bado yamepanda ukutani hadi dirisha la juu. Walisubiri. Mlio ulitoka ndani, mkali kuliko ule wa jikoni, kwa kuwa hakukuwa na paa la kuuzuia.

Inderpal alivua kofia yake kwa heshima ya marehemu. Kisha akaweka alama.

Hapo Edah, ambaye katika miaka yake yote ofisini hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti, alipaza sauti. Alisema kwa Kiswahili, barabarani, mbele ya watu waliosubiri basi, kwamba mwanamke amekufa ndani ya nyumba hii akiwa kwenye vitabu vyenu ni mzima na salama. Kwamba mimi ndiye niliyempigia simu. Kwamba mnaikagua sauti! Watu wa kituoni waligeuka. Basi lilikuja, wakapanda. Inderpal, ambaye hakujua Kiswahili, alisubiri amalize, akamuuliza kwa upole kama alikuwa na jambo la kuongeza kwa maandishi.

Aliongeza kwa maandishi. Aliwapigia simu tena wenye nyumba wote, na safari hii hakuwauliza kama watu wetu walifika. Aliwaambia wainue macho, wamweleze wanachokiona. Wengine waliona rangi, wengine unyevu, Mzee Gustave aliona utando wa buibui na akaahidi kuusafisha. Edah aliandika majibu hayo yote na akakataa kuweka saini kwenye ripoti ya mwaka.

Haikuhitajika. Ilionekana kwamba thibitisho la mkaguzi lina uzito kuliko la ofisa, na ripoti ikaenda. Ukaguzi ulitoa pendekezo moja: idara iongeze kasi katika kubadilisha betri. Awamu ya pili ya ruzuku ikaingia, na sehemu yake ya kwanza ikatumika kununua betri.

Zilitumwa kwa posta, moja kwa kila nyumba, pamoja na karatasi ya maelekezo kwa Kiswahili safi aliyoitafsiri mtu mwingine. Fortunée aliifungua bahasha yake, akaitazama betri, hakuwa na mahali pa kuitia. Akaiweka mezani, chini ya pale palipokuwa pakilia. Mlio ukakoma. Ulikoma kwa Nafiso na kwa Mzee Gustave vilevile. Simu za malalamiko zikaisha, na Arnold akatuma barua pepe kwa ofisi nzima akimshukuru Edah kwa jina kwa kulisimamia jambo hilo.

Jumapili kanisani Arnold alimfuata karibu na meza ya chai. "Tuko sawa, dada?"

"Nenda ukapige skrubu kwa Fortunée," alisema Edah. "Ikiingia, tuko sawa."

Hakwenda. Edah yeye alikwenda, na drili ya Njoroge, na dari ikairudisha skrubu kama mwanzo. Njoroge alisema wahamie nyumba nyingine. Fortunée alisema amesubiri hii miaka minne, na nani anajua hiyo nyingine imeandikwaje.

Kwa hiyo, jioni ambazo Fortunée ana zamu, Edah hutoka ofisini akapanda basi la Coventry Road. Humkuta Fortunée amevaa sare, watoto wameshaoga, bibi yuko kwenye kochi. Siku hizi chai ipo. Edah hukikokota kiti cha jikoni hadi kati ya taa na mlango, huketi, na pua yake huwa macho mpaka mwenye nyumba arudi. Njoroge humpokea zamu siku za Ijumaa.

Arnold alipata habari. Katika ripoti ya robo iliyofuata, chini ya mafanikio, kulikuwa na mstari mpya: ufuatiliaji wa karibu katika nyumba zilizokamilika, unaofanywa na watumishi kwa hiari, bila gharama kwa mradi. Wafadhili waliupenda sana. Waliuliza kama unaweza kupanuliwa.

Betri ya Lucie ilirudishwa na posta. Kwenye bahasha palibandikwa karatasi kwamba mpokeaji hayupo kwenye anwani hiyo. Arnold aliitia kwenye droo, na kwenye jedwali akaandika kwamba mteja hakupatikana.

"Umeisikia?" aliuliza Fortunée jioni moja akifunga zipu ya koti lake.

Edah alikuwa ameshaketi. Nyuma ya ukuta, mlio ulitoka, mfupi, mwembamba.

"Naisikia," alisema. "Nenda, utachelewa basi."

Fortunée alibusu watoto, akafungua mlango, akaenda kazini. Kengele ya Lucie ililia tena.