Gilasi Yenye Mguu Mrefu

Picha ilifika Johannesburg siku nne kabla ya Mama Marcelline mwenyewe. Binti yake Victoire aliituma kwa WhatsApp kwa mama yake mdogo aliyeko Turffontein, naye akamtumia mwenzake mmoja tu, na kufikia Jumatano ilikuwa imeshazunguka simu za akina mama wote wa kanisa. Ilimwonyesha Mama Marcelline amesimama kwenye kiwanja cha mawe huko Ufaransa, nyuma yake mizabibu na kinga, yaani baiskeli, iliyoegemezwa ukutani, kofia ya majani kichwani, na mkononi gilasi yenye mguu mrefu. Ndani ya gilasi kulikuwa na kitu cha rangi ya manjano. Alikuwa anacheka mpaka pengo la jino linaonekana.

Kwa mtu mwingine picha hiyo isingekuwa neno. Lakini Mama Marcelline alikuwa shemasi wa meza ya Bwana, mwaka wa kumi na moja huo, katika kanisa la Wakongomani lililo ghorofa ya tatu ya jengo kuukuu katikati ya mji. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi alitoka kwake Bertrams kabla jua halijapanda, na vikombe vidogo mia moja na ishirini ndani ya ndoo nyeupe yenye kifuniko. Kila kimoja alikuwa amekifuta kwa kitambaa kikavu, ndani na nje. Lifti ya jengo ilikufa zamani, kwa hiyo alipanda ngazi akipumzika mara mbili. Alipofika mji huu kutoka Bukavu mwaka 2004, mjane mwenye cherehani ya kuazima, watu walimwita yule mama mshonaji, basi. Ni meza ndiyo iliyofanya wajue jina lake. Na sheria ya kanisa haikuwa na kona: shemasi akinywa pombe anawekwa chini ya nidhamu miezi mitatu. Anakaa benchi la nyuma, hagusi meza, wala hapokei mkate na kikombe.

Rafiki yake Hélène, msusi na mwandishi wa kamati ya akina mama, ndiye aliyekwenda kumpokea uwanja wa ndege. Walipokuwa kwenye gari alimweleza yote: picha, maneno ya watu, na kwamba kamati inamngoja Jumamosi saa tisa.

"Sema ilikuwa juisi," Hélène akamwambia. "Halafu ufunge kinywa."

"Ilikuwa juisi kweli."

"Basi umeshapona, Mama Victoire. Mi nilikuwa na hofu bure."

Mama Marcelline aligeukia dirisha. Aliangalia nje, wakasimama kwenye robot moja, zile taa za barabarani, wakasimama kwenye nyingine, mpaka wakafika Bertrams.

Jumamosi kamati ilikaa kwenye chumba kidogo nyuma ya ngoma za kwaya, wanawake watano kwenye viti vya plastiki. Mwenyekiti alikuwa Mama Denise, mke wa Pasta Évariste. Pasta mwenyewe hakuja, kwa kuwa mambo ya akina mama yalianzia kwa akina mama, yakiwashinda ndipo yanapanda kwake. Mama Denise alimimina chai kwanza na kumpa mshtakiwa kikombe cha kwanza, maana ametoka mbali. Kisha akamwomba aseme yote kutoka mwanzo, pole pole.

Hilo halikuwa gumu kwake, kwani hakuwa mtu wa kuanza jambo katikati. Alianza na sketi. Victoire, ambaye kazi yake ni kuogesha wazee katika mji wa Beaune, alikuwa amemwambia kwamba wakati wa mavuno atachukua likizo, wazunguke pamoja mashamba ya mizabibu, siku nyingine kwa miguu, siku nyingine kwa kinga. Mama Marcelline hakutaka suruali. Kwa hiyo alishona sketi ya kahawia iliyogawanyika katikati, yenye rinda pana mbele na nyuma. Ukisimama ni sketi, ukipanda baiskeli kila mguu una nyumba yake. Alikuwa ameivaa hata hapo, akasimama ili waione. Akina mama wakaigusa pindo. Mmoja aliuliza inakula mita ngapi za kitambaa, Mama Denise akakohoa.

Siku ya kwanza walikwenda kwa miguu. Mji ulikwisha ghafla, bila vibanda wala magereji, lami ikageuka njia nyembamba yenye changarawe nyeupe, na mizabibu ikaanza. Alikuwa ameisoma kwenye Biblia tangu utoto, kila mtu na kukaa chini ya mzabibu wake, akadhani ni mti wa kivuli. Kumbe inafika kiunoni. Anayeweza kukaa chini yake ni kuku. Lakini mistari yake ilikuwa imenyooka kama mshono wa fundi asiye na haraka, inapanda kilima, inashuka, wala huoni palipoungwa. Kwenye kichwa cha mistari mingine palikuwa na mti mmoja wa waridi. Victoire alimweleza kwamba ugonjwa huanza kwenye waridi, mwenye shamba akauona na kuwahi kutia dawa. Walipita Pommard, wakapanda mpaka Volnay, magoti yakamkumbusha umri wake, wakakaa juu ya ukuta mfupi wa mawe wakala mkate na jibini lenye harufu ya soksi za mtoto. Watu walikuwa wanavuna, wameinama, kila mmoja na mkasi na ndoo. Aliwaonea huruma migongo yao, akakumbuka chai ya kwao inavyovunwa mtu akiwa amesimama.

Siku ya pili ndiyo ya kinga. Mara ya mwisho kupanda alikuwa na miaka kumi na minne, kule Walungu, kinga ya baba yake aliyekuwa muuguzi. Mwili haukusahau kukanyaga. Kusimama ndiko ulikosahau, kwa sababu ile ya baba ilifungwa breki kwa kurudisha pedali nyuma, na hii ya Wafaransa ukirudisha nyuma inazunguka bure kama mkono wa cherehani usio na mkanda. Kwenye mteremko wa kuingia Meursault alirudisha, akarudisha tena, akaona ukuta unakuja, akachagua mizabibu. Wavunaji wawili walimtoa ndani ya majani, wakampangusa, wakampa kishada cha zabibu ashike roho.

Hapo kamati yote ilicheka, hata Mama Denise, aliyelazimika kuweka kikombe chini.

Basi wavunaji hao ndio waliowaonyesha kiwanja ambako zabibu nyeupe zilikuwa zinakamuliwa. Mashine ilikuwa inabana taratibu, juisi inatiririka kwenye karai kubwa, nzito, yenye povu, nyuki wameizunguka. Mwenye mashine alikinga gilasi chini ya mfereji akampa. Ilikuwa tamu mpaka meno yanauma. Hapo ndipo Victoire alipopiga picha.

"Juisi nayo inawekewa mguu?" Mama Denise aliuliza.

"Huko hata maji yana mguu, Mama Pasta. Gilasi nyingine sikuiona."

Victoire alikuwa ametuma sauti kuthibitisha, Hélène akaiweka hewani, wote wakasikiliza. Ilikuwa asubuhi, zabibu zilikuwa zimekatwa saa hiyo hiyo, hakuna kilichochacha. Wanawake waliangaliana na mabega yakashuka. Mama Denise alisema picha inadanganya kuliko mtu, na kwamba aliyeisambaza angemuuliza kwanza mwenyewe. Hélène alikuwa ameshaandika: ni juisi, hana kosa. Mmoja alianza kufunga kitambaa kichwani tayari kwa sala.

Mama Marcelline alikuwa bado ameshika kikombe chake cha chai, hakijapungua.

"Mukae kidogo," akasema. "Mi sijafika mwisho."

Hélène alimwangalia kwa macho makali. Hakugeuka.

Siku ya tatu, akaendelea, walifika jioni katika kijiji kidogo wakalala kwa bibi mmoja anayepangisha vyumba. Mume wake alikuwa amefariki mwezi wa saba. Buti zake zilikuwa bado mlangoni na udongo wake. Nyuma ya nyumba kulikuwa na mistari sita tu ya mizabibu aliyoilima mwenyewe mpaka mwisho, na divai aliyoikamua mwaka uliopita ilikuwa chini, katika chumba cha chini ya ardhi. Walipokaa kula supu, bibi alileta chupa moja akamimina gilasi tatu. Victoire akamweleza kwa adabu kwamba mama yake hanywi, ni mtu wa kanisa. Bibi akasema hakuna shida kabisa. Akairudisha ile gilasi, akaiweka karibu na yake.

"Akabaki na gilasi mbili mbele yake," Mama Marcelline akasema. "Yake, na ile iliyokosa mtu. Akawa anaziangalia. Ndipo nikanyoosha mikono yote miwili."

Wote waliokuwa chumbani walitoka Kivu, hakuna aliyehitaji kuelezwa. Kwao, mfiwa akikupa kikombe unapokea kwa mikono miwili, unamtaja marehemu kwa jina, unakunywa. Ukikataa, ni kama umesema kifo hicho hakikuhusu.

Mama Denise aliuliza kwa sauti ya chini kama alionja tu, kulowesha mdomo. Alikuwa anamtafutia njia.

"Niliuliza jina la mume wake, nikalitaja, nikanywa yote. Mafunda manne, pengine matano."

"Na ulijua ni divai."

"Tangu ikiwa kwenye chupa."

Wakaanza kuvutana. Mmoja alisema hiyo haikuwa pombe, ilikuwa kilio. Mwingine akasema vijana wa kwaya waliwekwa nyuma kwa bia moja ya arusini, nao walikuwa na sababu zao. Leo shemasi akiachwa, kesho watawaambia nini? Mama Denise aliwaacha waseme mpaka wakachoka. Kisha akamkumbusha Mama Marcelline kwamba anayetubu mbele ya kamati hupunguziwa, hata akabakiwa na Jumapili moja tu. Aseme tu kwamba anajuta.

Mama Marcelline aliweka kikombe cha chai chini. Chini barabarani mchuuzi alikuwa anatangaza soksi.

"Ninajuta kwamba nimewaletea shida," akasema. "Ile gilasi, nikirudi leo, nitaipokea tena. Siwezi kusema uongo hapa halafu Jumapili nikaseti meza."

Mama Denise alivua miwani akaifuta kwa kanga, akaivaa, akamwambia Hélène afute alichoandika. Miezi mitatu, kamili. Akaomba yeye mwenyewe, sala fupi.

Kwenye ngazi Hélène alimshika mkono, kwa hasira zaidi kuliko kwa msaada.

"Hakuna aliyekuwa anajua. Hakuna. Ulikuwa umeshatoka."

"Vikombe nitakuletea kesho," Mama Marcelline akasema. "Vifutwe kwa kitambaa kikavu, si cha taulo, kinaacha nyuzi. Na usimimine mpaka juu."

Jumapili ya kwanza ya mwezi wa kumi alikaa benchi la nyuma, karibu na dirisha lililozibwa kwa kadibodi, kati ya mpiga gitaa mmoja na msichana aliyehamia kwa mchumba wake kabla ya ndoa. Msichana alimsogezea nafasi na kumwamkia shikamoo, akaitika. Kule mbele Hélène alikuwa amemimina mpaka juu. Juisi ilikuwa inadondoka kutoka kwenye trei hadi kwenye kitambaa cheupe, na Mama Marcelline aliona kila tone likianguka. Mara moja miguu ilitaka kusimama. Akaizuia. Trei ikapita safu kwa safu, ikafika kwenye benchi lililo mbele yao, ikarudi. Kwaya ilipoanza, alifungua kinywa akaimba sauti ya pili pamoja na wengine.